Ukilinganisha mishahara, hesabu na posho

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa na vyuo vikifungua dirisha la udahili, swali ni lile lile sebuleni, kwenye daladala na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo: kozi gani inalipa? Mjomba anasema uhasibu. Shangazi aliye muuguzi anasema udaktari, ila mtoto ajiandae kukesha. Binamu mwenye rafiki bandarini anasema huko ukiingia tu, mengine yatajipanga. Kijana anaandika yote, anazipanga kazi kuanzia ile anayosikia ina mshahara mkubwa hadi ile yenye mdogo, halafu anajaza fomu.

Swali hilo ni halali, na mzazi aliyeuza mahindi au kukopa vicoba ili kumfikisha mtoto hapo ana haki ya kuliuliza. Tatizo liko kwenye jibu. Tunawapa vijana tarakimu ya mshahara kana kwamba ndiyo kipato chote, wakati katika utumishi wa umma wa Tanzania watu wawili wa ngazi moja ya mshahara wanaweza kuishi maisha yasiyofanana hata kidogo. Kinachowatenganisha ni posho. Nina msimamo mmoja katika makala haya, nao ni huu: posho ndizo zinazoamua leo nani akimbilie kazi gani na nani aikimbie, zinawaumiza wale wanaoifanya kazi yenyewe, na sehemu kubwa ya fedha hizo inapaswa kuingizwa kwenye mshahara unaojulikana na kila mtu.

Hati ya mshahara na safari ya siku sita

Tuchukue mtumishi wa umma mwenye mshahara ghafi wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Awe mwalimu wa sekondari mwenye uzoefu, au ofisa wa halmashauri mwenye shahada. Kabla fedha hiyo haijafika benki, mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF unachukua asilimia 5, yaani 50,000. Bima ya afya inachukua asilimia 3, sawa na 30,000. Kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, sawa na 150,000. Kodi ya mapato haigusi shilingi 270,000 za kwanza. Zinazofuata zinatozwa asilimia 8, kisha 20, kisha 25, na kwa mtumishi wetu jumla yake inafika 115,500. Akiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi chenye ada ya asilimia 2, zinaondoka nyingine 20,000. Kinachobaki mkononi ni 634,500, na hapo hajalipa mkopo wa benki, kodi ya nyumba wala ada ya mtoto.

Sasa tuje kwenye posho. Mwaka 2022 Serikali ilipandisha posho ya kujikimu kwa safari za ndani ya nchi: kiwango cha juu kilitoka 120,000 hadi 250,000 kwa siku, na cha chini kilitoka 80,000 hadi 100,000. Tuache kile cha juu. Mtumishi wetu akipata safari ya siku sita kwa kiwango cha chini kabisa, analipwa 600,000. Fedha hiyo haikatwi kodi, wala Bodi ya Mikopo haiigusi. Akilala nyumba ya wageni ya shilingi 20,000 na kula kwa mama lishe kwa 10,000 kwa siku, anarudi nyumbani na 420,000. Siku sita zimempa karibu theluthi mbili ya kile anachobakiwa nacho kwa mwezi mzima.

Kwa mwenye cheo hesabu inakuwa nzito zaidi. Siku mbili za kiwango cha juu ni 500,000. Hicho ndicho kima cha chini cha mshahara wa mwezi kwa mtumishi wa umma, kile ambacho Rais Samia Suluhu Hassan alikitangaza Singida siku ya Mei Mosi 2025 kuwa kinapanda kutoka 370,000 kuanzia Julai mwaka huo. Taifa zima lilishangilia nyongeza hiyo ya asilimia 35.1, na lilikuwa na sababu ya kushangilia. Lakini ndani ya utumishi huo huo, kazi ya mwezi ya mhudumu wa ofisi inalingana na safari ya siku mbili ya bosi wake, juu ya mshahara ambao bosi huyo tayari anaupata.

Barua ya semina inapofika shuleni

Aliyewahi kukaa kwenye ofisi ya walimu anajua siku ya barua ya semina inavyokuwa. Nafasi ni moja, siku sita, Morogoro. Mwalimu mkuu anaisoma kimya na kuiweka chini ya daftari la mahudhurio. Ikifika saa nne, wakati wa chai, shule nzima inajua. Mwalimu wa hisabati anasema mada inamhusu yeye. Aliyebakiza miaka miwili astaafu anasema tangu ahamie hapo hajawahi kupelekwa popote. Mwingine ananyamaza, ila kila mtu anajua ana mgonjwa hospitalini. Hakuna anayeuliza semina itafundisha nini. Atakayeachwa atakumbuka, na mwezi mzima utapita wakipeana salamu za mdomoni tu.

Watu hawa si walafi. Ni watu wazima wenye heshima zao, waliosomea kazi yao na wanaoipenda, ambao mfumo umewaweka mahali ambapo njia pekee ya kulipa deni la duka ni kutoka darasani kwenda kukaa ukumbini. Anayebahatika kwenda anaacha vipindi vyake vya darasa la saba bila mtu. Hatuna namna ya kumlaumu, kwa sababu sisi ndio tuliopanga malipo hivyo: kufundisha kunalipwa kidogo, na kutokuwepo darasani kunalipwa vizuri.

Wakati huo huo, ziko idara ambazo safari, vikao na kazi za ziada ni sehemu ya ratiba ya kawaida. Uratibu wa miradi, mipango, ukaguzi na ununuzi vina safari karibu kila robo ya mwaka. Shahada inaweza kuwa ya daraja lile lile na ngazi ya mshahara ile ile, lakini mmoja anaishi kwa mshahara na mwingine anauweka akiba. Matokeo tunayaona kwa macho. Mwalimu hodari wa fizikia anasoma shahada ya pili ya utawala ili aondoke darasani. Daktari mwenye mkono mzuri wa upasuaji anatafuta uratibu wa programu wizarani. Bwana shamba aliyeajiriwa kukaa na wakulima anahangaika ahamishiwe makao makuu ya halmashauri. Kila ngazi anayopanda mtu humtoa mbali zaidi na mwanafunzi, na mgonjwa, na mkulima.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kulinganisha mishahara ni suala la wivu. Nchi inatuma ujumbe kupitia malipo. Inawaambia vijana wake ipi ni kazi ya maana. Ujumbe wetu kwa miaka mingi umekuwa kwamba anayegusa chaki, sindano au jembe yuko chini, na anayeandika taarifa juu ya chaki, sindano na jembe yuko juu.

Tulikotoka

Ubishi juu ya nani alipwe ngapi ni wa zamani hapa kwetu, na umewahi kuitikisa nchi. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kikuu kishiriki, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyotaka wahitimu wafanye kazi kwa muda wakipokea sehemu tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400. Lakini alikubaliana nao katika jambo moja: kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno kwa nchi maskini. Akatangaza papo hapo kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na ya viongozi wa juu ikapunguzwa pia. Miezi mitatu baadaye likaja Azimio la Arusha, lililomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni au kupangisha nyumba.

Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio, Nyerere alieleza kwamba pengo kati ya mshahara wa juu kabisa na wa chini kabisa katika utumishi wa umma, kodi ikishakatwa, lilikuwa limeshuka kutoka takribani mara 50 wakati wa Uhuru hadi takribani mara 9. Mtu anaweza kubishana na mengi ya zama zile, na mimi simo kati ya wanaotamani foleni za sukari zirudi. Lakini hesabu ile ilikuwa na sifa moja ambayo tumeipoteza: ilihesabika. Mshahara ulikuwa kipato, na ukiujua wa juu na wa chini, ulijua taifa limesimama wapi.

Kisha uchumi ukaanguka. Vita vya Kagera, bei za mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliifanya thamani ya mshahara iyeyuke katika miaka ya 1980. Mtumishi alianza kufuga kuku nyuma ya nyumba ya Serikali, akauza maandazi, akalima bustani, na jioni akafanya kibarua kingine. Serikali haikuwa na fedha za kurudisha mishahara ilipokuwa, na baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 matumizi yakabanwa zaidi. Posho ikawa mlango wa nyuma: huwezi kumwongezea mtu mshahara, lakini unaweza kumpa kikao. Wafadhili nao wakaja na miradi yao, warsha zao na bahasha zao. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likawaruhusu viongozi kuwa na kipato zaidi ya kimoja. Katika miaka ya 1990 Serikali ilijaribu kurudisha posho nyingi ndani ya mshahara, na ilikuwa hatua sahihi, lakini haikulindwa. Moja baada ya nyingine, posho zikarudi.

Kufikia mwaka 2011 suala hili lilikuwa moto bungeni. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alitangaza hatachukua posho ya kikao, kwa hoja kwamba kukaa kikaoni ndiyo kazi yenyewe ambayo mbunge analipwa mshahara kuifanya. Miezi michache baadaye, posho hiyo ikapandishwa kutoka 70,000 hadi 200,000 kwa kikao, na wananchi wakapaza sauti.

Mwaka uliofuata, madaktari waligoma wakidai mshahara wa kuanzia wa shilingi 3,500,000 pamoja na posho za mazingira hatarishi, nyumba na zamu. Julai 2012 wakafuata walimu, wakidai nyongeza ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa masomo ya sayansi na 50 kwa masomo ya sanaa, na asilimia 30 kwa wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Mahakama ikausimamisha mgomo wao. Nikiyasoma tena madai yale leo, naona jambo la kuhuzunisha. Hata walioumizwa zaidi na posho walijua kwamba katika nchi hii haki hudaiwa kwa jina la posho. Mwalimu alilazimika kuomba posho ya kufundishia, kana kwamba kufundisha ni kazi ya ziada.

Bili huja siku ya kustaafu

Wapo wanaofaidi posho wakidhani wameshinda. Wengi wao hugundua gharama yake wakiwa na miaka 60. Michango ya hifadhi ya jamii ya mtumishi wa umma hukatwa kwenye mshahara, na mafao hukokotolewa kwa kuangalia miezi aliyochangia na mshahara wake. Safari zote, vikao vyote na semina zote za miaka 30 huhesabika sifuri. Ofisa aliyezoea kupata nusu ya kipato chake kwa njia ya posho hustaafu na pensheni ya nusu ile nyingine. Nyumba aliyoanza kuijenga kwa fedha za safari inabaki kwenye linta.

Tumepigana sana juu ya kikokotoo, kanuni ya kukokotoa mafao hayo. Kanuni za mwaka 2018 zilipoweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25, kelele zilikuwa kubwa hadi Rais Magufuli akazisitisha Desemba ile ile. Mwaka 2022 ikawekwa asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa kundi ambalo awali lilikuwa likipata 50. Mjadala ulikuwa wa haki na wastaafu walistahili kusikilizwa. Hata hivyo, tulibishana juu ya asilimia tukasahau kuuliza: asilimia ya nini? Asilimia 40 ya mafao yanayotokana na mshahara uliodumazwa kwa makusudi, ili nafasi ibaki ya posho, ni kidogo. Kila shilingi inayohamishwa kutoka kwenye posho kwenda kwenye mshahara inamfuata mtumishi hadi uzeeni, na akifa inawafuata wategemezi wake.

Sekta binafsi na siri ya bahasha

Katika sekta binafsi nako hesabu ina ugumu wake, ila wa aina nyingine. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini kwa kila sekta. Katika taasisi za fedha kilikuwa shilingi 592,000 kwa mwezi, kwenye shule binafsi kama 207,000, na kwa kampuni ndogo za ulinzi 148,000. Kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida kilikuwa 60,000. Viwango hivyo vimepandishwa tena kuanzia Januari 2026, na ni jambo la kushukuru. Lakini mpangilio wa ngazi ile unasema mengi. Dada anayemlea mtoto wa mtu, anayejua dawa gani amepewa saa ngapi, aliwekewa thamani ya sehemu moja kwa kumi ya anayehesabu fedha za mtu yule yule.

Tofauti hiyo haikutokana na ugumu wa kazi wala na umuhimu wake. Ilitokana na nguvu ya kujadiliana. Benki ina wafanyakazi wengi mahali pamoja, ina chama, ina mikataba ya hali bora za kazi. Dada wa nyumbani yuko peke yake nyuma ya geti la mwajiri wake. Mlinzi anabadilishwa lindo kabla hajajuana na mwenzake. Tunapowaambia vijana kwamba soko ndilo linalopanga mishahara, tuwaambie pia kwamba wanaofika sokoni pamoja huuza kwa bei nzuri kuliko anayefika peke yake usiku.

Juu ya hayo, kuna usiri. Matangazo ya kazi ya kampuni nyingi husema mshahara ni maelewano, na maana yake ni kwamba mwenye shida zaidi atakubali kidogo zaidi. Wafanyakazi wawili wa meza moja hukatazwa kuambiana wanalipwa ngapi. Mwanamke aliyeajiriwa kwa bei ya chini mwaka wa kwanza hubeba tofauti hiyo kila nyongeza inapokuja, kwa kuwa nyongeza ni asilimia ya kile alichoanzia, na hana wa kumwambia.

Serikalini nako uwazi ni wa nusu. Tangazo la ajira litaandika ngazi ya mshahara kwa herufi, TGS D au TGTS C, bila tarakimu. Anayejua tafsiri yake ni aliye ndani au mwenye ndugu ndani. Na ngazi hizo hazizihusu mamlaka za udhibiti na mashirika kadhaa ya umma yenye miundo yao. Machi 2016 Rais Magufuli alisema wapo watumishi wa umma waliokuwa wakilipwa hadi shilingi milioni 40 kwa mwezi, akaweka ukomo wa milioni 15. Oktoba 2017 akasema hadharani kwamba mshahara wake yeye ni milioni 9. Nchi ilishtuka kuzisikia tarakimu hizo, na mshtuko ule ulithibitisha kwamba watu walikuwa hawajui walipakodi wanamlipa nani ngapi.

Pale ambapo watu hawajui, wanakisia, kisha wanakimbilia wote mlango mmoja. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 watu zaidi ya 135,000 waliomba nafasi 1,596 za Mamlaka ya Mapato. Miongoni mwao walikuwemo watu waliosomea kazi nyingine kabisa. Siwalaumu. Wamesikia kwamba huko ndiko kuna maisha, na hakuna aliyewawekea mezani picha kamili ya kazi walizosomea.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema posho ya safari ni fidia ya gharama, kwa hiyo haiwezi kuingizwa kwenye mshahara. Nakubali kwa sehemu. Mtumishi akitumwa Songea lazima alale na ale, na hapaswi kutoa fedha mfukoni. Basi alipiwe nyumba ya wageni na chakula kwa stakabadhi, au apewe kiwango kinacholingana na gharama halisi ya mji huo. Kinachozidi hapo ni mshahara uliovaa nguo nyingine. Na posho ya kikao kwa kikao kinachofanyika ofisini kwako, saa za kazi, haifidii gharama yoyote.

Wengine watasema posho ya mazingira magumu ni ya lazima, na hapo sina ubishi. Muuguzi wa zahanati iliyo visiwani, au mwalimu anayefika shuleni kwa bodaboda ya saa mbili, anastahili zaidi ya aliye mjini. Hiyo iwe nyongeza ya kudumu kwenye mshahara wake kwa muda wote awapo huko, iingie kwenye pensheni, asiisubiri kwa hisani ya mtu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: mishahara ikipanda haishuki, na Serikali itabeba mzigo wa kudumu. Lakini mzigo huo upo tayari, umegawanywa tu katika mafungu ya safari, mafunzo, viburudisho na kazi za ziada ambako hauonekani kwa jina lake. Wakenya wanalo la kutufundisha hapa, kwa mema na mabaya. Katiba yao ya 2010 iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, ambayo huchapisha malipo ya viongozi wa nchi kwenye gazeti rasmi, na kila raia anaweza kuyasoma. Tume hiyo ilipohesabu aina za marupurupu katika utumishi wao ilizikuta 247. Wabunge wao walipambana nayo vikali mwaka 2013 ilipojaribu kuwapunguzia mishahara, kwa hiyo tume peke yake haimalizi ubishi. Lakini Mkenya anabishana akiwa na tarakimu mkononi.

Tufanye nini

Naona mambo matatu yanayowezekana bila kusubiri miaka kumi. Kwanza, kila tangazo la ajira ya umma liandike mshahara kwa shilingi pamoja na posho zote za kudumu za nafasi hiyo, na mashirika ya umma yachapishe miundo yao ya mishahara kila mwaka. Sheria iwalinde pia wafanyakazi wa sekta binafsi wanaoambiana mishahara yao, asifukuzwe mtu kwa kujua.

Pili, Serikali ijumlishe fedha zote zinazotumika kwa posho za vikao na kwa ile sehemu ya posho za safari inayozidi gharama halisi, kisha izihamishie kwenye mishahara, ikianzia kwa kada ambazo kazi yake haina safari: walimu wa darasani, wauguzi wa wodini, maofisa ugani wa kata, wahudumu wa ofisi. Hawa ndio waliokosa kwa miaka yote hiyo.

Tatu, mwalimu, daktari na bwana shamba bingwa wapandishwe ngazi hadi juu kabisa wakiwa kwenye kazi yao ile ile. Mwalimu mwenye miaka 25 darasani, ambaye wanafunzi wake wanafaulu, alipwe sawa na mkuu wa idara ya elimu wa halmashauri bila kulazimika kuwa mkuu wa idara. Siku hilo likitimia, wengi watabaki darasani kwa hiari.

Na kwa kijana anayejaza fomu sasa hivi: usiridhike na kuuliza kazi hiyo ina mshahara wa ngapi. Uliza zinabaki ngapi mkononi baada ya makato. Uliza ni kiasi gani cha kipato kinaingia kwenye pensheni, na ni kiasi gani kinategemea bosi kukuchagua kwenda safari. Uliza mtu wa kazi hiyo anafanya nini hasa saa nne asubuhi siku ya Jumanne, maana hiyo ndiyo itakayokuwa siku yako kwa miaka 30. Uliza kama wenzako wana chama, na kama chama hicho kinasikilizwa. Ukipata majibu hayo, kazi nyingi zitabadilishana nafasi kwenye orodha uliyoandikiwa sebuleni.

Mei Mosi ijayo vyama vya wafanyakazi vitasimama tena mbele ya Rais na risala, na wafanyakazi watasubiri kusikia asilimia. Nawaomba viongozi wa vyama hivyo waongeze dai moja kwenye risala: Serikali itaje, kwa jina na kwa tarehe, posho zitakazoingizwa kwenye mshahara mwaka huo. Nyongeza ya asilimia huwasaidia wote kidogo. Kuingiza posho kwenye mshahara kutamrudishia mwalimu aliye darasani kile ambacho kwa miaka arobaini amelipwa mwenzake aliyetoka.